Sauti ya Msomaji na Sikio la Mama

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba riwaya pendwa huisha fumbo linapofumbuliwa. Likizo iliyopita, kwetu Mukurweini, mama, aliyejifunzia Kiswahili sokoni Karatina na ambaye macho yake hayaoni tena maandishi, aliniomba hadithi ya kusikiliza. Nilimwekea simuni riwaya ya kijasusi, ya jadi ya Willy Gamba, shujaa wa Kufa na Kupona (1974) ya A. E. Musiba.

Baada ya sura mbili akatoa hukumu: "Huyu anasoma kama anayefukuzwa, na wanawake wote kawapa sauti moja. Nitajuaje nani anadanganya, mwanangu?" Tukatafuta msomaji mwingine wa hadithi ileile. Huyo alisita kidogo kabla ya kila uongo. Mama aliisikiliza hadi mwisho, kisha akataka tuianze upya.

Hapo ndipo nadharia yangu ilipotikisika. Tumezoea kumwona msomaji kuwa chombo tu cha fasihi andishi. Kumbe naye ni fanani, na hadhira humpima kwa vigezo ilivyovipata katika ngano za jikoni. Huenda, basi, baadhi ya udhaifu tulioubebesha utanzu huu ni wa usomaji wetu wenyewe, wa kimya na wa haraka.