Magunia Manne ya Mchanga

Mvua zimerudi, na pamoja nazo habari ya kila mwaka kutoka barabara ya Komanda: lori limekwama, mengine yamejipanga nyuma yake, na nyanya zimeoza kabla ya kufika sokoni Bunia. Juzi, nje ya kanisa, tuliwaona baadhi yenu mkicheka. Dereva mmoja kijana alikuwa akipakia mchanga katika pikapu lisilo na mzigo mwingine, na mmoja wenu akamwuliza kama siku hizi Komanda wamekosa mchanga hata wauziwe wa Bunia. Dereva naye alicheka, kisha akaendelea kupakia. Sisi hatukuweza kucheka. Tumeishi na habari ya magunia ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na tumeona kwamba wakati wa kuwaandikia umefika.

Tunaposema «sisi», twamaanisha makatekista watatu ambao wakati ule tulikuwa wanafunzi wa ualimu. Mmoja wetu ndiye anayeshika kalamu. Wenzake wameyasoma maneno haya na kuyakubali.

Kwanza tueleze kazi ya mchanga huo, maana asiyeijua ataona ni upuuzi, kama sisi tulivyoona. Gari la pikapu limeundwa kwa kubeba. Injini iko mbele, dereva yuko mbele, na nyuma kuna sanduku tupu la chuma. Likiwa halina mzigo, sehemu kubwa ya uzito wake, mara nyingi karibu asilimia 60, huyalemea magurudumu ya mbele. Lakini katika mapikapu mengi, hasa ya zamani, nguvu ya injini hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo magurudumu yanayolisukuma gari ndiyo yaliyo mepesi. Barabara ikiwa kavu, kasoro hiyo haionekani. Udongo wetu mwekundu ukilowa, gurudumu jepesi huzunguka mahali pamoja, likajichimbia shimo.

Mshiko wa gurudumu hutegemea mambo mawili: jinsi tairi na ardhi vinavyoshikana, na uzito unaoligandamiza gurudumu chini. Ardhi hatuwezi kuibadilisha kwa saa moja. Uzito twaweza kuuongeza. Tuchukue kwa mfano gari la kilo 1,200, ambalo nyuma lina kilo 480. Wekeni magunia manne ya kilo 50 sawasawa juu ya mhimili wa nyuma, nanyi mtapata kilo 680. Mshiko wa nyuma umeongezeka kwa takriban asilimia 40, na hakuna aliyeigusa injini.

Watu wa nchi za baridi wanalijua jambo hili vizuri. Ndugu yetu mmoja anayeishi Québec, huko Canada, ametusimulia kwamba theluji ikianza kuanguka, wenye mapikapu hununua mifuko ya mchanga dukani na kuilaza nyuma hadi baridi iishe. Hata hivyo mchanga hauchukui nafasi ya tairi nzuri; sheria ya huko inadai matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Na gari likikwama, mfuko mmoja hupasuliwa, mchanga wake ukamwagwa mbele ya magurudumu ili yapate pa kushika. Theluji yao na matope yetu havifanani kwa sura, lakini humtesa dereva kwa namna moja.

Sasa tusimulie yetu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa bado Zaire. Fedha ilipoteza thamani juma kwa juma, na kila lita ya petroli ilihesabiwa kama dawa. Parokia tuliyoitumikia ilikuwa na pikapu moja kuukuu. Dereva wake alikuwa mzee mpole ambaye hakukaa sana shuleni. Kila mvua zilipoanza, aliweka magunia manne ya mchanga nyuma ya gari, akayafunga kwa kamba, akayaacha humo hadi Desemba. Sisi tulikuwa tumejifunza fizikia, na tulikuwa na hesabu yetu: kilo 200 za bure hula petroli ya bure. Hesabu hiyo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba hakuna hesabu nyingine.

Jioni moja ujumbe ulifika kutoka kigango kimoja cha upande wa Marabo. Mke wa katekista wa huko alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu siku iliyotangulia, na mtoto haji. Paroko alitoa gari mara moja. Mzee alikwenda kutafuta petroli, nasi tuliagizwa kutayarisha mahali pa kumlaza mama. Magunia yalikuwa yamechukua nafasi ya godoro. Tuliyafungua, tukayashusha, tukayapanga vizuri kando ya ukuta, kisha tukatandika godoro na kulifunika kwa turubai. Mzee aliporudi, giza lilikuwa limeingia na haraka ilikuwa nyingi. Hatukumwambia. Tulijiona tumefanya kazi safi.

Mvua ilitukuta njiani. Katika kilima kimoja gari lilianza kuyumba kwa nyuma kama mtu aliyelewa, likarudi chini polepole, likakaa mtaroni. Mzee alishuka na tochi yake, akamulika nyuma, akaliona godoro.

«Magunia yako wapi?»

«Tuliyaacha, Mzee, ili mama apate nafasi ya kulala.»

Hakusema neno. Alizima tochi ili kuhifadhi betri.

Tulichimba kwa jembe moja na kwa mikono. Tulikata matawi na kuyalaza chini ya magurudumu. Tulisukuma hadi magoti yakakataa, na kila mara magurudumu yalizunguka na kuzama zaidi. Alfajiri tulisikia sauti za watu wakija kutoka upande wa Marabo. Walikuwa vijana wa kigango kile, yapata kumi na wawili. Walipoona gari halifiki, walimlaza mama juu ya machela ya miti na mablanketi, wakatembea usiku kucha kwa kupokezana. Walitukuta tumekaa matopeni, sisi tuliotumwa kwenda kuwasaidia.

Waliiweka machela chini ya turubai letu na kulinyanyua gari hadi barabarani. Mama akalazwa juu ya godoro. Ndipo mzee alipowachagua vijana wanne na kuwaketisha kando ya godoro, wawili kila upande, karibu na magurudumu ya nyuma. Aliwaonya: «Msisimame, wala msisogee mwisho kabisa.» Gari lilipanda kilima kile bila kuteleza. Uzito tuliouita wa bure ulikuwa umerudi, safari hii ukiwa na miguu yenye malengelenge.

Tulifika hospitalini Bunia kabla ya adhuhuri. Mama alipona. Mtoto hakupona. Hatuwezi kuapa kwamba magunia yale yangemwokoa. Wala hatuwezi kuapa kwamba yasingemwokoa. Tumeishi kati ya maneno hayo mawili tangu siku ile.

Baada ya mazishi, halmashauri ya parokia iliketi ili kujua kwa nini gari lilichelewa. Mzee aliulizwa, naye akajibu kwa kifupi: «Gari liliondoka bila uzito wake. Dereva ni mimi, nami ndiye niliyepaswa kutazama kabla ya kuondoka.» Sisi watatu tulikuwa tumeketi kwenye benchi la nyuma. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme, na hakuna aliyesema. Ndiyo hatari ya neno «sisi», vijana wetu: kosa likiwa la wote, ni rahisi likawa halina mwenyewe. Mzee alikatwa mshahara wa mwezi mmoja, katika siku ambazo mshahara wenyewe haukutosha kununua chumvi ya mwezi.

Tulikwenda kuungama, kila mmoja kwa wakati wake, na tuliamini kwa moyo wote kwamba tumesamehewa. Lakini mshahara wa mzee ulibaki umekatwa. Baada ya majuma mengi tulimfuata nyumbani kwake, tukampigia magoti na kuomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Inukeni, walimu. Mimi ninajua tayari. Nendeni mkawaambie wale wasiojua.»

Tulikwenda. Mbele ya halmashauri tulisema ni nani aliyeyashusha magunia, na kwamba mzee hakuambiwa. Mshahara wake ulirudishwa. Sehemu yake tuliilipa wenyewe, kwa kulima mashamba ya watu kila Jumamosi. Yeye hakutukumbusha jambo hilo tena. Alituita tu nyuma ya gari mvua zilipoanza mwaka uliofuata, akatufundisha kupakia.

Ni yeye aliyetuonyesha kwamba uzito una kanuni zake. Ukiwekwa mwisho kabisa wa sanduku, nyuma hudidimia na mbele huinuka, nao usukani huwa mwepesi mkononi, gari lisitii kona. Mahali pake ni juu ya mhimili wa nyuma, au mbele yake kidogo. Usipofungwa, hubaki kimya hadi siku ya breki ya ghafla. Hapo hurushwa mbele na kukipiga chumba cha dereva. Tena gari lililoongezewa uzito huchelewa kusimama, basi anayeliendesha lazima apunguze mwendo mteremkoni. Na ukizidi, huvunja springi, tena katika tope laini na refu hulizamisha gari badala ya kulisaidia. Wala watu si magunia: vijana wale wanne waliketi nyuma kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na mzee aliendesha kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu.

Tulipomsikiliza tuliifikiria siri yetu ya majuma yale. Ilikuwa mzigo usiofungwa. Barabara ilipokuwa nyoofu hatukuisikia. Kila tulipomwona mzee akipita uani, ilitupiga mgongoni. Tulipoisema hadharani haikuwa nyepesi, na hata leo si nyepesi. Ila imepata mahali pake pa kukaa, na tunaweza kwenda nayo.

Ilibaki safari moja. Halmashauri ilijua, mzee alijua, lakini yule mama hakuwa ameambiwa na sisi wenyewe. Tuliiahirisha kwa miaka miwili: mara mtihani, mara mvua, mara jembe la mavuno. Mwishowe tulipanda baiskeli wakati wa kiangazi, tukaenda hadi kigangoni. Mumewe alitukaribisha, na mama alituletea maji ya kunywa. Tulimwambia yote: magunia, godoro, hesabu yetu ya petroli, benchi la nyuma. Alikuwa akimpakata mtoto mwingine, msichana wa miezi michache. Alikaa kimya kwa muda mrefu hata tukadhani anangoja tuondoke. Kisha akauliza:

«Walimu, na sasa magunia yamo ndani ya gari?»

«Yamo, Mama.»

«Basi yasitoke.»

Hakutuambia kwamba ametusamehe, nasi hatukuthubutu kumwuliza. Tulinywa maji yake, tukarudi Bunia.

Vijana wapendwa, mkutanapo juma hili katika kikundi chenu, msianze kwa kutafuta magunia ya mfano. Anzeni na gari lenyewe la parokia. Nendeni mkatazame kama magunia yamo na kama yamefungwa vema. Mwulizeni yule kijana dereva kwa nini ameyaweka pale alipoyaweka. Kisha, mkiketi, kila mmoja ajiulize ni kitu gani cha mtu mwingine alichowahi kukishusha gizani kwa kuona hakina faida, na ni nani ambaye hadi leo hajaambiwa.