Mji wa Wana wa Mwami

Asubuhi ya Bujumbura huanzia ng'ambo. Jua huchomoza nyuma ya milima ya Burundi, likalivuka jiji lingali kivulini, likaenda kuipaka dhahabu milima ya Kongo juu ya Uvira. Chini yake Ziwa Tanganyika hubaki la kijivu kwa muda, kisha hugeuka samawati mara moja, na mitumbwi ya wavuvi waliokesha na taa zao huonekana ikirudi na ndagala, wale wale dagaa wetu wa Kigoma. Nilisimama pale nikinusa samaki wabichi, moshi wa kuni na udongo ulionyeshewa usiku. Maji yamepanda sana miaka hii. Kijana mmoja alininyoshea kidole nione kiwanja alichochezea mpira utotoni, na mahali pale palikuwa na matete na mawimbi tu. "Ziwa nalo limetaka nyumba mjini," alisema, kisha akanimegea mhogo wake wa kuchoma.

Nilikuja kuwafuata abaganwa, wana wa wafalme wa Burundi. Makao ya Mwami, yaani mfalme, yalikuwa juu, Muramvya na Gitega, kwenye baridi na malisho ya ng'ombe. Huku chini kwenye joto na mbu palikuwa pa wavuvi na wachuuzi, na baadaye pa askari wa Kijerumani walioweka kambi yao ya Usumbura. Lakini kama unataka kuona nasaba hiyo ilivyofikia kilele chake na ilivyozimwa, usianzie milimani. Anzia hapa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi asubuhi Burundi nzima hushika jembe na fagio kwa kazi za jumuiya. Maduka yamefungwa, magari hayaendi, mgeni mwenye njaa anangoja kama wenyeji. Nilingoja. Nikaona mawakili na mafundi viatu wakizibua mfereji mmoja, wakitaniana kwa Kirundi na Kiswahili katika sentensi ile ile, na mama mmoja aliponiona nimesimama bure alinikabidhi koleo bila kuniuliza jina. Nusu saa baadaye nilikuwa na malengelenge mawili na marafiki wanne. Kazi ilipokwisha wakanichukua moja kwa moja hadi Buyenzi kunywa chai.

Buyenzi ni moyo wa Waswahili wa Burundi. Mitaa yake imenyooka na kupewa namba, na kila avenyu ina sauti yake: hapa nyundo za mafundi gari, pale cherehani, mbele kidogo watoto wa madrasa. Magari yamefunguliwa matumbo barabarani na injini zimelazwa juu ya magunia. Katikati ya harufu ya grisi inapenya harufu ya iliki, chapati na supu. "Salaam aleikum, karibu, kaa hapa, kaka," wanasema, na ukikaa hapo huondoki mapema. Kiswahili chao kina kokoto za Kifaransa na utamu wa Kirundi, nami nilikuwa nikiagiza sambusa nyingine ili tu niendelee kuwasikiliza.

Mzee mwenye kofia ya vito, aliyeketi kwenye benchi chini ya mwembe, ndiye aliyenifungulia habari za abaganwa. Wafalme wa Burundi, alisema, hawakujichagulia majina. Majina yalikuwa manne na yalikwenda kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Wana wa kila mfalme na uzao wao walikuwa abaganwa, wakapewa milima ya kutawala. Wa Ntare waliitwa Batare, wa Mwezi Bezi, wa Mutaga Bataga, wa Mwambutsa Bambutsa. Ukoo wao haukuhesabiwa kuwa wa Wahutu wala wa Watutsi. Ulisimama peke yake. Uhondo uko hapa: duru ilipotimia na jina likarudi, uzao wa mfalme wa zamani mwenye jina lile ulishuka ngazi. Uganwa uliwatoka, wakaingia katika watu wa kawaida, na milima yao ikaenda kwa wana wa mfalme mpya. Cheo kilikuwa na kikomo kilichojulikana tangu siku ya kuzaliwa.

Niliinua kikombe, nikakirudisha mezani bila kunywa. Nimesoma kidogo habari za malodi wa Ulaya, na sijakutana na makabaila waliowekewa mlango wa kutokea namna hiyo. Mpango huo uliwagharimu damu, maana nani anakubali kushuka kwa hiari? Mwezi Gisabo, aliyetawala zaidi ya nusu karne hadi 1908, alipambana na ndugu zake wa Batare waliokuwa wakubwa tangu zama za baba yake, Ntare Rugamba, kama alivyopambana na maadui wa nje. Alimzuia Rumaliza, yule tajiri wa Ujiji mwenye bunduki na pembe za ndovu. Wajerumani hakuweza kuwazuia. Mwaka 1903, mkataba wa Kiganda ulimlazimisha kuutambua utawala wao na kulipa faini ya ng'ombe 424. Kapteni aliyemshinda, von Beringe, ndiye yule ambaye mwaka mmoja kabla alitoka hapa hapa Usumbura kwenda Rwanda, akampiga risasi gorila mlimani Sabyinyo. Hadi leo gorila wa milimani wanabeba jina lake katika vitabu vya sayansi.

"Lakini wewe umekuja kwa ajili ya Rwagasore," alisema mzee, na hakuwa anauliza.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega mwaka 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa Bangiricenge, aliyehesabiwa upande wa Bezi kupitia Mwezi Gisabo. Alisoma Astrida huko Rwanda, kisha Antwerp huko Ubelgiji. Angeweza kurudi akapewa mlima wake atawale kwa utulivu. Badala yake mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara hapa mjini, na wanachama wake walikuwa kwa sehemu kubwa Waswahili wa mitaa hii, watu wa vitambaa, chumvi na samaki wakavu. Wabelgiji, waliotawala baada ya Wajerumani, hawakuupenda ushirika huo hata kidogo. Mzee alinisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimtaja mwanamfalme yule kwa jina lake tupu, bila cheo, na jinsi jambo hilo lilivyomfurahisha mwanamfalme mwenyewe. Chama chake cha UPRONA kilipata nguvu zake za kwanza kwenye mabaraza kama lile tulilokalia, na TANU ya Nyerere ilimuunga mkono kutoka ng'ambo ya mpaka. Bili ya chai sikuruhusiwa kuigusa.

Kutoka Buyenzi nilikwenda katikati ya mji kwa miguu, kwa sababu mwaka 2022 pikipiki, bajaji na baisikeli za abiria zilipigwa marufuku kuingia huko. Kama unapenda miti, mwendo huo ni zawadi. Miembe na mijakaranda imefunika barabara pana, na kivuli chake kinakufanya usahau kwamba saa sita imepita. Barabara kuu ya biashara inaitwa kwa jina la Rwagasore. Baba wa babu yake, Mwezi Gisabo, ana barabara yake pia, na Ikulu mpya iliyojengwa kwa msaada wa China kaskazini mwa jiji imepewa jina la Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme. Jamhuri iliyoung'oa ufalme haikuyatupa majina. Soko kuu la zamani, lililoungua Januari 2013, lilikuwa bado uwanja wa kumbukumbu. Wachuuzi wengi walikuwa wamehamia soko la Kwa Siyoni, na huko nilikula ugali wa mhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya sahani. Hakuna aliyeinua kichwa.

Kupata gari la kunipeleka juu kulichukua muda, maana foleni ya petroli ilikuwa imezunguka mtaa mzima. Dereva niliyempata alikuwa amelala kwenye foleni hiyo, na kwa fahari kubwa alinionyesha mshale wa tangi lake. Tukapanda kilima cha Vugizo taratibu, kona baada ya kona, joto likipungua kila tulipopanda. Kilimani huko amezikwa Rwagasore, na anaitazama Bujumbura yote: mabati ya Buyenzi yanayometameta, Kanisa Kuu la Regina Mundi, bandari, ziwa, na Kongo nyuma yake.

Septemba 18, 1961, chama chake kilishinda viti 58 kati ya 64 vya bunge. Akawa Waziri Mkuu kwa majuma mawili hivi. Oktoba 13, akiwa mkahawani karibu na ziwa, Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis alimpiga risasi. Alikuwa na miaka 29. Miongoni mwa waliohukumiwa pamoja na muuaji walikuwa viongozi wa chama pinzani cha PDC, wakiwemo Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wana wa chifu Baranyanka, Batare wa damu. Ugomvi wa Bezi na Batare, ulioanza kwenye malisho ya karne ya 19, ulikuwa umevaa suti na kuingia katika siasa za vyama huku Wabelgiji wakitazama. Ila sitaki msomaji aondoke akidhani damu ndiyo iliyoamua kila kitu. Aliyeshika uwaziri mkuu baada ya Rwagasore, André Muhirwa, alikuwa Mtare aliyemuoa binti wa Mwambutsa na kuchagua UPRONA. Uhuru ulikuja Julai 1, 1962, na Usumbura ikawa Bujumbura.

Bibi aliyekuwa akiuza njugu karibu na lango alituona tumenyamaza, akatukaribia. "Amahoro," alisema, akanimiminia njugu mkononi, na nilipomlipa aliongeza nyingine. Mvua ndogo ilipita, ya dakika chache, ikaacha jiji limeoshwa na lami ikitoa mvuke.

Kusini mwa mji, kilomita kama 12 kwa barabara inayobanwa kati ya mlima na maji, liko jiwe la Mugere. Limeandikwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe ya Novemba 25, 1871. Walikuwa wameshakutana Ujiji kwetu, kisha wakaja kwa mtumbwi kukagua mto Rusizi, wakakaribishwa hapa na mtemi Mukamba, wakati Mwezi Gisabo akitawala huko juu. Livingstone alikuwa Mskoti wa Blantyre, mtoto wa kiwanda cha pamba, na nikiwa nimeliegemea jiwe lake nilifikiria mabaroni wa kwao. Uskoti cheo cha baroni kilishikamana na ardhi: mwenye shamba ndiye mwenye cheo, na kwa kawaida mwana mkubwa wa kiume alivirithi, karne baada ya karne, bila zamu ya kushuka. Bunge lao lilikata kamba hiyo kwa sheria ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Novemba 28, 2004. Basi sikiliza: Novemba 28, 1966 ndiyo siku Michel Micombero alipotangaza jamhuri Burundi. Ntare wa Tano, kijana aliyempindua baba yake Mwambutsa miezi michache kabla, alikuwa safarini Kinshasa. Mwambutsa aliishi uhamishoni Uswisi hadi kifo chake mwaka 1977. Ntare alirudi 1972 na kuuawa Gitega. Waskoti waliagana na ukabaila wao kwa karani na muhuri. Warundi walilipia wao kwa makaburi, na mimi nawaheshimu kwa jinsi wanavyoweza kuyasimulia hayo kwa mgeni, sauti ikiwa tulivu na sahani ya embe katikati.

Jioni Bujumbura yote hushuka ziwani. Kinachobaki cha fukwe hujaa familia, wapiga picha, vijana wa mazoezi na harufu ya mishikaki. Viboko wawili walikuwa wakipumua karibu na ukingo, na akina mama waliwaita watoto wao warudi nyuma kwa sauti ile ile wanayoitumia kuwaitia chakula. Mukeke wangu, samaki wa ziwa hili, alichomwa mzima, akaletwa na ndizi, vitunguu na pilipili iliyonitoa machozi ya furaha. Jua likazama Kongo.

Meza ya jirani ilinisikia nikiuliza habari za Mwami, ikasogea. Mwalimu mstaafu alihesabu kwa vidole: wa mwisho alikuwa Ntare, kwa hiyo ambaye angefuata angekuwa Mwezi. Binti yake akamkumbusha kwamba mwaka 2005 binti wa kifalme, Esther Kamatari, aliyekuwa mwanamitindo Paris, aliingia siasa na chama chake cha Abahuza akitaka ufalme wa kikatiba. Wakabishana kwa nguvu na kwa mapenzi. Ndipo mama wa jikoni, mikono ikiwa na majivu, akasema maneno hayo ya mezani hayatoshi: niende Gishora, karibu na Gitega, nikazisikie ngoma ambazo UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, zile zilizopigwa kwa ajili ya Mwezi Gisabo mwenyewe. Magari ya Gitega huondoka mapema. Kabla sijamaliza mukeke wangu walikuwa wameshakubaliana nani atanipigia simu alfajiri, nani atanipeleka kituoni, na binamu yupi wa nani atanipokea huko nikifika.