Malazi ya Jioni Moja

Anayetoka Bukavu kwa njia ya Miti, mwendo wa kilomita zipatazo 30, huona migomba na mashamba yakiisha, na msitu ukianza ghafla kama ukuta. Mbele yake unasimama mlima Kahuzi, wenye urefu wa mita 3,308, na jirani yake Biega. Pori hilo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, hasa kwa ajili ya kuwalinda gorila.

Mwaka 2019 tulifika huko, tukiwa pamoja na wavulana wachache wa darasa la mwisho. Walinzi walitutangulia wakitufungulia njia kwa panga katika mianzi. Kabla hatujawaona wanyama wenyewe, tulionyeshwa mahali walipolala: matawi na majani yaliyokunjwa kwa duara, kila mmoja na kitanda chake, vingine vikubwa, vingine vidogo.

Mlinzi alitueleza kwamba kila jioni, popote giza linapomkuta, gorila hujitengenezea kiota kipya. Kulipokucha hukiacha, wala hachukui kitu. Mtoto mchanga hulala pamoja na mamaye miaka yake ya kwanza, naye hujifunza kujenga kwa kucheza, akikunja majani kama alivyomwona mama. Majike na watoto huweza kulala juu ya miti; lakini dume mkubwa, mwenye mgongo wa rangi ya fedha, kwa kawaida hulala chini. Uzito wake waweza kukaribia kilo 200, na hatari ikija, yeye ndiye wa kwanza kuikabili.

Mvulana mmoja alitazama viota vile kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, na sisi tulilala hivyo. Baba alilala upande wa njia.»

Tulinyamaza. Jamaa yake ilikuwa imekimbia vita mara mbili, ikiacha nyumba, mbuzi na muhogo shambani.

Wapenzi wasomaji, mara ngapi twadhani kwamba nyumba ni mabati na matofali! Mabati yakichukuliwa, twasema: nyumba yetu imekwisha. Lakini gorila huacha malazi yake kila asubuhi, na jamaa yake haivunjiki, kwa sababu wanakwenda pamoja, na mkubwa hawaachi wadogo. Dume akiuawa, ndipo jamaa huweza kutawanyika. Wakubwa wa Bukavu wanamkumbuka Maheshe, dume mashuhuri wa Kahuzi, aliyeuawa na majangili mwaka 1993.

Mtakatifu Yosefu naye aliamka usiku, akamchukua Mtoto na Mamaye, akakimbilia Misri. Hatusomi kwamba alibeba mbao zake wala randa. Alibeba wale aliokabidhiwa na Mungu. Na palipokuwa na hao, ndipo palipokuwa nyumbani.

Mnyama hufanya hayo kwa maumbile aliyopewa na Muumba. Hana dhambi akishindwa, wala hana sifa akifaulu. Bali mwanadamu amepewa akili na hiari. Yuko baba ambaye nyumba yake imesimama imara, mlango wa chuma, bati jipya. Lakini yeye mwenyewe hayumo, wala jioni watoto hawajui alipo. Na yuko baba aliyepoteza vyote, naye angali analala upande wa njia. Nani kati ya hao wawili ana nyumba?

Basi jioni hii, kabla ya taa kuzimwa, tuwahesabu waliomo ndani, wala si vyombo. Tupige magoti pamoja, baba, mama na watoto, tuanze kwa ishara ya msalaba. Na kama tu wageni katika ukumbi wa watu, juu ya mkeka wa kuazima, tufanye vivyo hivyo. Malazi ni ya jioni moja. Walio pamoja kwa jina la Mungu wana nyumba.