Ufunguo Usiojua Jina la Mtu

Siku hizi ziko kurasa za maandishi katika intaneti ambazo mtu huziandika bila kujiandikisha, bila kutaja jina, wala kutoa namba ya simu. Telegraph, iliyoanzishwa na Telegram mwezi Novemba 2016, ni mojawapo. Rentry ni nyingine. Sisi wazee tunazipenda kwa sababu hazina fomu ndefu za kujaza. Unaandika, unabonyeza, watu wanasoma.

Lakini msomaji na ajiulize: ukurasa usiomjua mwenyewe utamtambuaje anaporudi kusahihisha? Telegraph humtambua kwa kivinjari alichoandikia, ambamo huacha alama ndogo. Alama hiyo ikifutwa, au mtu akibadili simu kabla hajauunganisha ukurasa na akaunti yake ya Telegram, nafasi ya kuhariri humpotea. Rentry humtambua kwa neno la siri. Mwenye neno hilo ndiye mwenye ukurasa, awe aliuandika yeye au aliliokota njiani. Naye aliyelisahau hana jina la kujitetea nalo.

Jambo hili lilitufika sisi walimu wastaafu tulipokuwa tukimchangia mwenzetu aliyekuwa akisafishwa figo. Ukurasa wetu ulikuwa na majina ya waliochanga, kiasi walichotoa, na namba ya simu ya kutumia fedha. Mweka hazina wetu, kwa moyo mweupe kabisa, akaligawa neno la siri kwa watu wote 34 ili kila mmoja ajiandikie mchango wake. Asubuhi moja tukakuta namba ya kutumia fedha ni nyingine. Wawili walikuwa wameshatuma.

Hasara ile, shilingi 80,000, tuliilipa kwa kuchanga tena. Tulichoshindwa kukilipa ni kingine. Ukurasa haukuweza kutuambia ni mkono wa nani, maana wote tuliingia kwa neno lile lile. Macho yakamwelekea mzee mmoja kwa sababu tu yeye ndiye aliyezijua kompyuta kutuzidi. Hakuna aliyemtaja kwa kinywa. Yeye naye hakuwa na njia ya kujitakasa, na sisi hatukuwa na ushahidi wa kumtakasa. Akajitoa katika kundi kimya kimya. Nilifundisha naye miaka 11, na mpaka leo simu zangu hapokei.

Katika chuo cha ualimu nilikofundisha, na baadaye katika shule nilizokuwa mwalimu mkuu, kabati la mitihani lilikuwa na funguo mbili tu. Walimu ambao hawakupewa ufunguo hawakuwa wezi. Hawakupewa ili siku karatasi ikipotea, asiwepo hata mmoja wao wa kutazamwa kwa jicho baya. Wengi hudhani ulinzi ni kwa ajili ya mali peke yake. Ulinzi ni kwa ajili ya wasio na hatia pia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na ukurasa wa namna hii, neno kuu libaki kwa watu wawili, na liandikwe katika karatasi iliyofungwa ndani ya bahasha, maana kichwa cha mzee si daftari. Wasaidizi wape neno dogo. Rentry inaruhusu jambo hilo: ni neno linaloanza na herufi m na nukta mbili. Mwenye nalo anaweza kuyahariri maandishi, ila hawezi kulibadili neno kuu wala anwani ya ukurasa. Msaidizi akimaliza kazi yake, libadilishwe siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe aambiwe.

Hata hivyo, mwenye neno dogo bado anaweza kufuta mistari yote, kwa makusudi au kwa kidole kuteleza. Basi nakala ya maandishi ihifadhiwe kila jioni mahali pengine. Na namba ya kutumia fedha isitegemee ukurasa unaoguswa na wengi. Mweka hazina aitamke kwa sauti yake, na anayetuma alinganishe jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha.

Atakayenung'unika kwamba ananyimwa imani, aelezwe kwa upole kwamba anawekewa akiba ya jina lake jema.