Maji Juu ya Dari

Ninakaa orofa ya tano katika nyumba ya kupanga huko Kileleshwa, upande wa magharibi wa Nairobi. Ngazi ni moja, na madirisha yote yana vyuma vya kuzuia wezi. Mama yangu, ambaye miguu yake imechoka, alikuwa akilala chumba cha mwisho kabisa. Kwa muda wa miaka mitatu sikuliona hilo kuwa na neno, mpaka usiku mmoja mafuta ya kukaangia yaliposhika moto jikoni kwa jirani wa chini. Aliyazima kwa kifuniko cha sufuria. Walakini moshi ulipanda ngazi upesi kuliko mtu awezavyo kushuka, nasi tukajifungia ndani tukikohoa. Mama akaniuliza kwa utulivu, "Mwanangu, lau ungekuwa moto mkubwa, mimi ningepita wapi?" Sikuwa na jawabu.

Juma lililofuata niliwapa wanafunzi wangu hoja ya mdahalo: kwamba sheria ilazimishe kila nyumba mpya ya kuishi iwekwe vinyunyizio vya moto.

Mtetezi wa hoja alikuwa amejitayarisha vema. Alieleza kuwa kinyunyizio ni tundu la bomba darini lililozibwa kwa kichupa cha kioo chenye maji maji ndani. Joto lifikapo kiasi cha nyuzi 68, kichupa hupasuka na maji humwagika. Watu wengi hudhani moto wa sufuria moja utarowesha nyumba nzima. Sivyo, maana hupasuka kile tu kilichofikiwa na joto. Kisha akataja jumba la Grenfell la London, lililoungua tarehe 14 Juni 2017 wakafa watu 72. Halikuwa na vinyunyizio. Mwaka 2020 Uingereza iliviamuru kwa kila jumba jipya la makazi lizidilo meta 11 kwenda juu. Alipoketi, nilidhani mdahalo umekwisha.

Akasimama msichana mmoja akaaye Kawangware. Hakuwa na karatasi. "Sisi," alisema, "twanunua maji kwa mtungi. Mwaka 2017 maji ya jiji yalianza kugawiwa kwa zamu. Je, yatatoka wapi maji ya kungoja moto usiokuja, hali ya kunywa hayatoshi? Na gharama ya tangi na pampu ataibeba nani, kama si mpangaji? Kodi ikipanda, aliyekuwa akikaa nyumba ya mawe atarudi nyumba ya mabati, ambako moto ni mkali zaidi na sheria hiyo haifiki." Darasa lilinyamaza. Nakiri kuwa jambo hilo la mwisho halikupata kunijia akilini.

Upande wa kwanza ulijibu kwa kutaja duka la Nakumatt Downtown, lililoteketea tarehe 28 Januari 2009, katikati ya jiji, pasipo mbali na kituo cha zimamoto cha Tom Mboya. Watu wapatao 29 walifariki. Basi ukaribu wa zimamoto si kinga. Kweli, lakini duka si nyumba ya kuishi, na mfano huo ulinionyesha zaidi haja ya milango kuliko haja ya mabomba.

Kura zilipohesabiwa hoja ilishindwa. Kama ningekuwa na kura ningeiunga mkono, ila si kwa maneno yale niliyoyaandika ubaoni. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilitutawala hadi zilipokuja za mwaka 2024, na katika miaka hiyo Kilimani na Kileleshwa ziligeuka kutoka bustani na nyumba za chini zikawa msitu wa maghorofa. Aliye orofa ya kumi hafikiwi kwa ngazi ya kawaida. Huyo sheria imwekee maji darini, na mwenye jumba atoe gharama katika faida yake. Nyumba ya chini kwanza ipewe mlango wa pili, na njia ya kupitisha gari la zimamoto.

Nilimwuliza mwenye nyumba wetu habari ya vinyunyizio. Akacheka, akaniuliza kama niko tayari kulipa zaidi. Basi nikamhamishia mama chumba cha karibu na mlango. Kila asubuhi hulalamika kwamba kelele za ngazini hazimwachi kulala.