Nyumba Si Suti ya Mtumba

Kwetu ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama mpaka Geita, kuna utani kwamba mchimbaji akipata mali, kwanza hunywa, pili huoa, tatu hujenga. Wengi huishia kwenye la kwanza. Kaka yangu, kusema la haki, aliruka yote mawili akaenda moja kwa moja kwenye la tatu. Na bado dhahabu yake ilimezwa na ardhi ileile iliyoitapika.

Nieleze ilivyokuwa. Alikaa Nyarugusu miaka miwili, akishuka duarani usiku na mchana. Alipopata, akarudi Shinyanga na kununua kiwanja pembeni ya mji. Kiwanja kilikuwa bei chee, tambarare kama meza, udongo wake mweusi tii. Nyumba ikapanda harakaharaka, ikapauliwa, ikapigwa ripu, ikapakwa rangi. Kiangazi kilichofuata ukuta wa sebule ukachanika kuanzia kona ya dirisha, mpasuko ukapanda ngazi kwa ngazi ukifuata maungio ya matofali. Mvua ziliporudi, mlango ukagoma kufunga. Mwaka wa tatu ungeweza kupenyeza kiganja ukutani ukawapungia mkono walio nje. Majirani wakaanza kunong'ona kuhusu mchawi.

Mchawi mwenyewe alikuwa chini ya sakafu, na jina lake ni mbuga. Udongo ule mweusi ni mfinyanzi unaokunywa maji na kuvimba, kisha kiangazi unasinyaa na kupasuka. Nyumba ikikaa juu yake, udongo wa katikati haupati mvua wala jua, lakini wa pembeni unalowa na kukauka kila mwaka. Maana yake pembe za nyumba zinanyanyuliwa na kushushwa, zinanyanyuliwa na kushushwa. Ukuta wa tofali haujui kujinyoosha. Unakatika.

Bibi yetu hakukanyaga darasani, lakini alijua. Wasukuma wana majina ya udongo kufuata mteremko: juu luseni, wa kichanga, chini yake itogolo, mgumu, bondeni mbuga. Watu wa zamani walijenga juu, kwenye mchanga, na bondeni wakaweka majaruba ya mpunga na mashamba ya pamba. Mbuga ilikuwa ya kulima, si ya kulala. Sisi tuliokuja na hati na mawe ya mipaka, tunanunua namba ya kiwanja bila kuuliza jina la udongo.

Mimi ni mdogo wake wa kike, na nimesomea ujenzi. Shughuli yangu ya kwanza saiti ilikuwa kubeba maji na kuchanganya zege, na mafundi waliniita "Injinia" kwa kunidhihaki. Sasa wananiita hivyo bila kucheka sana. Ndiyo maana kaka alipoangukia mali kwa mara ya pili, akaiuza kwenye soko la dhahabu la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019, alinipigia simu. "Mdogo wangu, safari hii namjengea Mama. Simamia wewe." Nilifurahi mpaka aliponitumia ramani.

Loo! Ilikuwa nyumba aliyoiona Dar es Salaam. Paa limefichwa nyuma ya kuta, halina upenu hata wa kukinga kuku. Vioo vikubwa vimetazama magharibi, kwa kuwa barabara iko huko na wapita njia lazima waone. Madirisha ya alumini, yale ya kuteleza. Nyumba ya kutesa, kama tunavyosema vijana.

"Kaka, hii ni nyumba ya Dar."

"Kwani Mama asikae nyumba ya Dar?"

Hapo ndipo tulipoanza kugombana, na ugomvi wetu umekula vocha za miezi mitatu.

Nilimwambia kwamba joto si moja. Dar joto lina unyevu, na usiku halipoi sana. Kule unahitaji upepo upite mwilini. Shinyanga ni kukavu. Kiangazi mchana hupita nyuzi 30, lakini usiku unavuta blanketi. Hapa ukuta mnene na mzito ni rafiki: mchana kutwa unanyonya joto polepole, na kabla halijafika ndani, jua limeshazama. Usiku ukifungua madirisha, ubaridi unaupoza ukuta kwa ajili ya kesho. Kwa hiyo ramani ya Dar kwetu ni suti ya mtumba. Inaweza kukupendeza kiaina, lakini ilishonwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Halafu jua. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini au karibu yake mwaka mzima, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa vizuri na upenu wa mita moja. Lakini ukuta wa magharibi hauna mwokozi, kwa sababu kuanzia saa kumi jua linakuja limelala, linapita chini ya upenu wowote na kuingia dirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Kwa hiyo nyumba ilale mashariki kwenda magharibi, sura zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi wawekwe stoo na choo. Huko panda mwarobaini, lakini mbali na msingi.

Na bati? Bati tupu ni jiko lililogeuzwa. Linachemka na kuwamwagia joto walio chini. Dari inasaidia, lakini dari iliyozibwa kila upande inafungia joto humo humo. Acha matundu chini ya upenu na mengine juu kwenye pembetatu ya paa: hewa ya moto itapanda na kutoka, ya baridi itaingia nyuma yake. Hakuna feni, hakuna LUKU. Hata lile dirisha la kuteleza, ukilifungua lote, nusu yake bado ni kioo. Umelipia dirisha zima ukapata hewa ya nusu. La bawaba hufunguka lote; weka wavu wa mbu na nondo za wezi, ulale nalo wazi.

Kaka akasema hayo ni mambo ya vitabuni. Nikamsimulia habari za Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alipokuwa masomoni Berlin alirudi kuwajengea wenzake shule ya matofali ya udongo, ikakamilika mwaka 2001. Aliliinua bati juu kabisa ya dari, hewa ikapita katikati. Mwaka 2022 akapewa Tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote za wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Kaka akanyamaza kidogo. "Burkina Faso? Si nao wana madini kama sisi?"

"Ndiyo hao hao."

"Haya, endelea."

Nikaendelea na matofali. Yeye alitaka ya kuchoma. Lakini tanuri linakula magogo, na Shinyanga tunajua bei ya mti. Mkoa huu ulifyekwa mpaka ukaitwa jangwa. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986, wazee wakarudia desturi ya ngitili, yaani kulifunga eneo la malisho lipumzike mpaka kiangazi, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimeota tena. Tuzichome tena kwa ajili ya sebule?

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora, ulioanzia kwenye kitengo cha utafiti wa majengo cha mwaka 1971, umekuwa ukifundisha matofali ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kufungamana yenyewe. Hayachomwi. Yanawekwa kivulini na kumwagiliwa kwa siku kadhaa yakomae. Ila si kila udongo unafaa. Chukua kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, jaza udongo uliolowa, uache ukauke, pima umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sana unadai saruji nyingi, au uukatae kabisa. Nilijaribu wa kile kiwanja cha kwanza: ulijikunja kisandukuni kama dagaa juani. Nikampigia picha kaka. Hakujibu siku mbili.

Aliyekata shauri ni Mama. Tulimwekea ramani mbili mezani. Hakuuliza habari ya nyuzi joto wala Pritzker. Aliuliza, "Ng'wanawane, saa kumi jioni nitakaa wapi kubangua karanga? Na umeme ukikatika usiku, nitapumua kwa nini?" Kwenye ramani ya kaka hapakuwa na jibu. Kwenye yangu palikuwa na baraza.

Kiwanja kipya kiko juu, kwenye luseni. Kuta zimefika kwenye linta, na nondo imezunguka nyumba yote kama mkanda. Kaka ameshinda jambo moja: kioo kikubwa cha sebule bado anakitaka magharibi, na mwenye pesa ndiye yeye. Nimeliacha tundu lake limezibwa kwa matofali yasiyo na saruji. Duara lake limeanza kutoa maji, na sijui kama hela itafika kwenye bati. Kila mfuko wa saruji ninaoufungua, nakumbuka umetoka mita ngapi chini ya ardhi.

Nanyi wenzangu mnaoota kujenga, kabla hamjanunua ramani fanyeni hivi. Nenda kiwanjani mwezi wa kumi, saa tisa alasiri, na kigoda chako. Kaa hapo mpaka jua lizame. Kisha rudi siku ya mvua ya kwanza, utazame maji yanakwenda wapi na udongo unanata vipi kwenye viatu. Ukishamaliza, ndipo umwite mchoraji.