Siku ya Kliniki, Saza

Kabla jua la bonde la Rukwa halijaanza kuunguza mchanga, akina mama walikwisha kujaa barazani pa zahanati, watoto mgongoni, kadi za kliniki zimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni jasho lisije likazilowanisha. Ilikuwa miaka ya 1980. Mkoa wa Songwe ulikuwa bado haujazaliwa, ulikuja 2016. Sisi wa Saza tulikuwa watu wa Chunya, Mkoa wa Mbeya.

Sogea tukae hapa benchini. Harufu hiyo ni spiriti, imechanganyika na mafuta ya taa ya stovu. Juu ya stovu sufuria inachemka, na sindano za kioo zinagongana ndani yake, ngli, ngli. Watoto waliwahi kuutambua mlio huo kuliko hata sauti ya nesi. Mmoja akianza kulia, baraza zima linapokea.

Nje, mzani unaning'inia kwenye tawi la mwarobaini. Mtoto anavikwa kaptura ya kitambaa yenye kamba, anatundikwa, anapiga mateke hewani. Nesi anatia nukta kwenye kadi, na mama anaiangalia nukta kwanza, imeangukia kwenye kijani au kwenye kijivu, ndipo anyooshe mikono kumpokea mwanawe.

Dawa zilifika katika makasha yaliyofungwa, ya ule mpango wa dawa muhimu uliosaidiwa na Denmark. Klorokwini ndiyo tuliyoijua zaidi. Uchungu wake ulikwama kooni hata baada ya vikombe viwili vya uji, na usiku mwili ukawasha mpaka bibi akatukuna mgongo kwa gunzi la mahindi.

Wachimbaji nao walipanga foleni. Mgodi wa New Saza ulifungwa mwaka 1956, lakini dhahabu haikuwaacha watu. Walikuja na vumbi la mawe kwenye kope, kidole kimefungwa kipande cha shati. "Shikamoo daktari," walimwamkia mganga msaidizi wetu, hata wale waliomzidi umri.

Aliyezidiwa alipelekwa Mwambani, hospitali ya misheni kule Mkwajuni. Miti miwili na blanketi, basi, machela tayari. Wanaume walipokezana mabega, na nyuma yao wanawake walibeba sufuria, unga, mkeka na kuni, kwani mgonjwa hupikiwa na wa kwao.

Bibi alipomuuguza babu huko, nilifuatana naye. Jikoni pa wauguzaji moshi haukukatika: mafiga kando ya mafiga, ugali wa mtama, kambale wa Ziwa Rukwa anayechemka na nyanya. Aliyekwenda kumgeuza mgonjwa wake wodini aliacha chungu kwa jirani asiyemjua jana. Asiye na mtu alipelekewa sahani bila kuulizwa ni wa wapi. Naamini kabisa kwamba wengi walisimama tena kwa sababu ya sahani hizo, pamoja na sindano.

Hapo bibi alipata shoga, mke wa mvuvi. Waliagana kwa kupeana anwani ya mdomo tu: ulizia kwa fulani. Tangu hapo, lori likitoka ziwani, utingo aliita jina la bibi na kushusha kambale wakavu waliofungwa kwa kamba ya mgomba. Naye bibi hakuliacha lirudi bila kibaba cha ulezi na karanga, na salamu ndefu ambazo utingo alilazimishwa kuzirudia zote, neno kwa neno, kabla ya kupanda.